Mtoto wa Kidato cha Nne Si Kebo ya Data

Najua niliahidi kuendelea na lile somo la kuhifadhi nakala za data, lakini somo litasubiri wiki moja zaidi. Kuna jambo linanikereketa kooni na nikilimeza litanipalia. Nataka tuzungumze juu ya safari ya mwanafunzi kutoka shule ya sekondari hadi chuoni hapa Kenya, na kwa nini safari hiyo, ukiitazama kwa jicho la mtu anayeandika programu, imeundwa vibaya kiasi cha kuaibisha.

Sisemi kwamba hatuna mipango. Mipango tunayo tele! Tuna Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyoizika ile Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB) ya wakuu wa vyuo na kutuletea KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi kozi na vyuo. Tuna HELB inayotoa mikopo tangu 1995. Tuna Hazina ya Vyuo Vikuu inayotoa ufadhili usiorudishwa. Tuna KNEC inayotunza matokeo ya mitihani. Tangu 2017 tumekuwa na NEMIS, hifadhidata iliyompa kila mwanafunzi nambari yake ya kipekee, UPI, na hivi majuzi Wizara imeanza kuhamia mfumo mpya, KEMIS. Kila shirika lina tovuti, kila tovuti ina fomu, na kila fomu inaanza kwa kukuuliza jina lako, kana kwamba umeshuka kutoka mwezini jana usiku.

Sasa nani anayebeba habari kutoka tovuti moja hadi nyingine? Ni mtoto wa miaka kumi na minane, ndani ya bahasha ya kaki: nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo ikiwa mzazi hayupo, barua ya chifu. Anapanga foleni saiba, analipia kila ukurasa unaoskaniwa, na kijana wa saiba anamchapia. Huyu mtoto amegeuzwa kebo. Serikali ina seva pande zote mbili, na katikati imemweka binadamu mwenye njaa.

Wale mnaofanya kazi kama yangu mnajua jina la kosa hili hata kama hatujalitafutia Kiswahili. Mtumiaji asiulizwe kitu ambacho mfumo tayari unakijua. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza!

Hebu tuhesabu nambari alizonazo mtoto mmoja. Ya cheti cha kuzaliwa. Ya UPI. Ya mtihani wa shule ya msingi. Ya KCSE, tarakimu 11. Ya kitambulisho akifikisha miaka kumi na minane. Ya usajili akifika chuoni. Nambari sita, mtu mmoja, na kila ofisi inaipenda yake kama jogoo anavyopenda jaa lake. Hakuna jedwali moja lililo wazi linalosema kwamba hizi zote sita ni za Mkenya mmoja. Kwa hiyo kila mara anapovuka kutoka ofisi hadi ofisi, anajitambulisha upya.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba tayari tumeonyesha tunaweza. Mwanafunzi akiingia kwenye potali ya KUCCPS haandiki kwamba alipata B ya Kemia. Alama zinatoka KNEC moja kwa moja, pointi za masomo manne ya kozi anayoitaka zinakokotolewa kwa kipimo cha 48, na anaona kama anafaa au hafai. Hakuna mtu anayeskani cheti cha matokeo kumthibitishia KUCCPS. Ajabu ni kwamba kazi nzuri hiyo inaishia hapo hapo, na mwanafunzi huyo huyo akigeuka upande wa pesa anarudishwa enzi za bahasha.

Upande wa pesa ndipo penye matatizo makubwa, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Kabla ya 2023, mwanafunzi akipangiwa chuo na serikali, ruzuku ya masomo ilienda chuoni bila yeye kuomba. Aliomba mkopo tu. Mei 2023 Rais Ruto alizindua mfumo mpya wa ufadhili, na chini yake mwanafunzi alitakiwa KUOMBA ruzuku pamoja na mkopo, kwenye potali nyingine, baada ya kupangiwa kozi. Wanasiasa walibishana kuhusu kiasi cha pesa. Sikusikia wengi wakisema juu ya jambo ambalo mtu yeyote wa programu angeliona kwanza: hali ya kuanzia iligeuzwa. Zamani usipofanya lolote, ulikuwa ndani. Sasa usipofanya lolote, uko nje. Ni kisanduku kimoja kilichokuwa na alama ya tiki, mtu akaitoa tiki. Na nani hukosa kufanya lolote? Ni yule asiye na simu, asiye na laini yenye jina lake, aliye mbali na saiba, ambaye mzazi wake hajui kusoma. Yaani ni yule yule ambaye fedha hizo zilisemekana ni zake.

Halafu kuna makundi. Familia zilipangwa katika bendi tano. Bendi ya 1 ilipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia ichangie asilimia 5. Bendi ya 5 ilipewa ufadhili wa asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia ilipe asilimia 40. Tuseme kozi inagharimu shilingi 300,000 kwa mwaka. Bendi ya 1 familia inatafuta 15,000. Bendi ya 5 inatafuta 120,000. Tofauti ni shilingi 105,000 kila mwaka, na inaamuliwa na fomula inayosoma majibu ambayo kijana wa saiba aliyachapa haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Tazameni pia mpangilio wa hatua. Bei ya kozi unaiona kwenye potali unapochagua. Sehemu yako ya bei hiyo huijui. Unachagua kwanza, unapangiwa, ndipo unaomba pesa, ndipo unajulishwa bendi yako. Ni kama kuagiza chakula kwenye hoteli ambapo bei imeandikwa ukutani lakini weita atakuambia wewe binafsi utalipa ngapi ukishakula. Mwenye pesa hana wasiwasi, ataagiza samaki. Asiye nazo ataogopa hata chai.

Vijana walipolalamika kwamba bendi zao hazifanani na maisha yao, walifunguliwa dirisha la kukata rufaa. Vizuri. Lakini unakata rufaa dhidi ya nini? Ulichokiona ni nambari ya bendi, hukuonyeshwa uzito wa kila jibu lako katika hesabu ile. Ni aina ya shule uliyosoma? Ni idadi ya ndugu zako? Ni kozi uliyochagua? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Mimi si wakili, lakini najua kwamba fomula inayoamua kama mtu atasoma au hatasoma haipaswi kuwa na siri kuliko fomula ya kukokotoa pointi za KUCCPS, ambayo wanafunzi huijadili hadi kwenye matatu.

Desemba 2024 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Chacha Mwita, ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, ikataja ubaguzi na umma kutoshirikishwa vya kutosha. Serikali ikakata rufaa. Mawakili wataendelea na yao. Lakini nawaambia, hata mahakama ikiubariki mfumo huo kesho, kebo itabaki mtoto.

Mtu ataniuliza: sasa serikali itajuaje hali ya familia bila kumuuliza mwanafunzi? Swali zuri, na jibu lake linachekesha. Serikali hii hii ina orodha ya Inua Jamii, inayowalipa wazee, watu wenye ulemavu mkubwa na familia zinazolea yatima shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama nyanya anayemlea mjukuu yuko kwenye orodha hiyo, inahitajika barua ya chifu kujua kwamba nyumba hiyo haina akiba? Serikali hii hii, kupitia bima mpya ya afya ya SHA, ilianza Oktoba 2024 kuzipima familia zisizo na mshahara ili kujua zichange kiasi gani. Kwa hiyo nyumba moja inapimwa uwezo wake mara mbili, kwa vipimo viwili, na hakuna kinachozuia majibu mawili yasiyopatana: maskini hospitalini, tajiri chuoni.

Na hili la mwisho ndilo linalonimaliza. Mwombaji aliyesomeshwa na mfadhili kule sekondari alitakiwa apakie barua ya kuthibitisha ufadhili huo. Sawa, kama mfadhili ni kanisa au kampuni. Lakini kuna maelfu waliosomeshwa kwa ufadhili wa Elimu Scholarship, mpango wa serikali yenyewe kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kwa hiyo mtoto anaiandama serikali akiomba barua, ili aipeleke kwa serikali, kuithibitishia serikali kwamba serikali ilimlipia karo. Jamani!

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna mahali walijaribu njia nyingine na tunaweza kujifunza kwa ushindi wao na kwa kushindwa kwao pia. Marekani kuna jimbo la Idaho. Lilikuwa na tatizo la vijana wengi kumaliza shule ya upili na kutoendelea na masomo. Mwaka wa 2015 Bodi ya Elimu ya jimbo ilifanya jambo rahisi. Jimbo tayari lilikuwa na alama za wanafunzi wote wa shule za umma, kwa hiyo halikungoja waombe. Liliwaandikia wote waliokuwa mwaka wa mwisho. Waliofikia kiwango fulani waliambiwa: umekubaliwa katika vyuo vyote vya umma vya jimbo hili. Ambao hawakukifikia waliambiwa: umekubaliwa katika vyuo vyote isipokuwa hivi vichache vyenye masharti magumu zaidi. Hakuna aliyepokea barua ya kumwambia ameanguka.

Ilifanya kazi? Watafiti Taylor Odle na Jennifer Delaney walipochunguza, walikuta wanafunzi wapya waliongezeka kwa asilimia 4 hadi 8, hasa katika vyuo vya miaka miwili. Si miujiza, lakini kwa gharama ya barua na stempu ni faida kubwa. Ila walikuta jambo jingine pia, na hili naomba mlisome polepole: kwa wanafunzi maskini, wale wanaostahili ruzuku ya serikali iitwayo Pell, mabadiliko yalikuwa kidogo mno au hayakuwapo. Barua iliwaambia wana nafasi. Haikuwaambia nani atalipa. Pesa zilibaki kwenye fomu nyingine, ya serikali kuu, iitwayo FAFSA. Na fomu hiyo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, ilipofanyiwa ukarabati ilifunguliwa mwisho wa Desemba 2023 ikiwa na kasoro chungu nzima, na vyuo vikachelewa miezi kuwaambia wanafunzi watasaidiwa kiasi gani. Hata Wamarekani na tarakilishi zao zote.

Kwa hiyo sisemi tuige Idaho. Nasema tuanzie pale Idaho ilipokwama: nafasi na pesa zije katika barua MOJA, siku MOJA, bila kuombwa. Matokeo ya mtihani yakitoka, kila mtahiniwa apate ujumbe kwenye simu ya mzazi na karatasi shuleni kwake. Useme: kwa alama zako unafaa kozi hizi, katika vyuo hivi, kozi hii inagharimu kiasi hiki, serikali itakulipia hiki, ukitaka mkopo ni huu, familia yako itatafuta hiki, tumekuweka katika kundi hili kwa sababu tatu hizi, kama sababu yoyote si kweli, bonyeza hapa au nenda kwa mkuu wa shule, una siku thelathini. Hapo ndipo mtoto achague. Akitaka kukataa akatae, lakini akikaa kimya asipoteze ruzuku yake.

Tena nimesema KILA mtahiniwa. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, kiwango cha kujiunga na shahada, walikuwa 246,391. Wanaobaki ni 716,121. Magazeti yalijaa picha za waliopata A wakibebwa juu juu, na mijadala yetu ya vyuo vikuu inahusu robo moja ya darasa. Wale laki saba na zaidi wana njia: stashahada kuanzia C-, cheti kuanzia D, na ufundi stadi chini ya hapo. Potali hiyo hiyo ya KUCCPS inawapangia. Lakini mtoto aliyepata D+ ameshaambiwa na kijiji kizima kwamba ameanguka, ataendaje saiba kufungua potali ya vyuo? Huyu ndiye anayehitaji barua kuliko yule wa A. Wa A atafika chuoni hata potali ikiungua.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Kuunganisha hifadhidata za serikali ni jambo la hatari, na Wakenya wana sababu ya kuogopa. Tunaikumbuka Huduma Namba: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliharamisha utoaji wa kadi zake kwa sababu serikali haikutathmini kwanza hatari kwa data za watu kama sheria inavyotaka. Sitaki jungu moja lenye habari za kila Mkenya ambalo karani yeyote anaweza kuchungulia. Lakini halihitajiki! Hazina ya Vyuo Vikuu haihitaji kuona jina la nyanya wala picha yake. Inahitaji kuuliza swali moja, je, nyumba hii iko Inua Jamii, na kujibiwa ndiyo au hapana, na swali hilo liandikwe kwenye kumbukumbu: nani aliuliza na lini. Tathmini ifanywe kwanza, ichapishwe, tuisome.

Na tusidanganyane kwamba mpango wa sasa unalinda siri za mtu. Kwa miaka mingi mwanafunzi ameingia KUCCPS kwa nambari ya KCSE na mwaka, na neno la siri la kuanzia likiwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Nambari za KCSE za darasa moja zinafuatana, kwa hiyo ukiijua yako unaijua ya jirani. Na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa iko wapi? Imesahaulika kwenye skana ya saiba. Mtu anayeniambia kuunganisha seva mbili ni hatari kuliko hilo, naomba anichoree hatari hiyo ubaoni nimwelewe.

Pingamizi la pili, kwamba watoto wa siku hizi wanajua simu kwa hiyo watajaza tu, silijibu. Kujua TikTok na kujua mapato ya mwezi ya baba yako anayeuza mitumba ni mambo mawili.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu mfumo wote unakaribia kubadilishwa na hilo ni jambo la nadra. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. KCSE ya mwisho kwa wale wa 8-4-4 inatarajiwa 2027. Mwishoni mwa 2028 Gredi ya 12 ya kwanza itamaliza, na 2029 wagonge milango ya vyuo. Hawatakuwa na A wala B za KCSE. Watakuwa na njia tatu walizochagua, za sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na matokeo ya tathmini za miaka kadhaa. Fomula ya KUCCPS italazimika kuandikwa upya. Potali zitalazimika kujengwa upya. Tenda zitatangazwa, na ninyi mnajua jinsi tenda za dakika ya mwisho zinavyoandikwa: ukurasa mzuri wa kuingilia, picha ya wanafunzi wakitabasamu, na nyuma yake fomu ile ile inayokuuliza jina lako.

Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajachora ukurasa wa kuingilia, ninaiuliza Wizara maswali matatu, na atakayekuwa na jibu aniandikie nitalichapisha hapa lilivyo. Jedwali linalounganisha UPI ya mwanafunzi na nambari yake ya mtihani liko katika ofisi gani? Nani ana jukumu la kisheria la kulisahihisha likiwa na makosa? Na je, ofisi inayogawa ruzuku inaruhusiwa kuliuliza, au bado tutamtuma mtoto na bahasha?